Juba: Kiwanja Rahisi, Nauli Ghali

Ughali wa makazi Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, huanza siku mpima ardhi anapovuta kamba, kabla hata tofali la kwanza halijawekwa.

Utaratibu wa viwanja ulirithiwa kutoka Sudan, nao hugawa ardhi kwa madaraja. Daraja ndilo linaloamua ukubwa wa kiwanja, muda wa umiliki na vifaa vya ujenzi vinavyoruhusiwa. Baada ya mkataba wa amani wa 2005, watu waliokimbia vita walirudi kwa wingi na mahitaji yakapanda. Sheria ya Ardhi ya 2009 ikatamka kwamba ardhi ni ya wananchi, hivyo serikali ililazimika kuelewana na jamii za Wabari, wenyeji wa eneo hilo, kabla ya kupima maeneo mapya. Mji ukatanuka kuelekea pembezoni, Gudele ikiwa mfano mmojawapo.

Hesabu ya mtanuko huo ni hii. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20. Hekta moja hutoa viwanja 25. Ukitenga theluthi moja kwa barabara na huduma, hubaki 16. Kila kimoja kikiwa na kaya moja ya watu sita, hekta nzima ina watu 96. Abiria wakiwa wametawanyika hivyo, basi dogo halijai upesi. Dereva hubaki kwenye lami, na mkazi wa ndani hulipa bodaboda kwanza, kisha basi la kwenda soko la Custom au la Konyo Konyo. Alichookoa kwenye kiwanja anakitoa kila siku kwenye nauli.

Dar es Salaam imeonyesha njia nyingine. Mabasi yaendayo haraka yalianza kupita Barabara ya Morogoro mwaka 2016. Kando ya njia hiyo, pale Magomeni Kota, nyumba za zamani zilibomolewa, na mwaka 2022 yakazinduliwa maghorofa yenye makazi ya kaya 644. Ardhi ilikuwa tayari mikononi mwa umma, na hilo lilirahisisha kazi.

Juba haina wepesi huo, wala haihitaji kuanza na maghorofa. Nafasi ipo ng'ambo ya Nile, upande wa Gumbo. Barabara ya kwenda Nimule mpakani na Uganda, kilomita 192, ilikamilika kwa lami mwaka 2012, na Daraja la Uhuru lililojengwa kwa msaada wa Japani lilifunguliwa 2022. Viwanja vya kando ya njia hiyo vikipimwa mita 10 kwa 20, hekta ileile itabeba kaya 32. Vyumba vya kupanga viruhusiwe, na jamii yenye ardhi ibaki na hisa katika kodi badala ya kulipwa mara moja na kusahauliwa.

Wapimaji wa Juba, tengeni kwanza vituo vya basi, ndipo mkate viwanja. Kituo kikishajengewa nyumba juu yake, kukirudisha ni kubomoa, na anayebomolewa ni maskini.