Moto Kila Mzunguko

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Kamanda Dundas aliupanda Mto Tana kwa meli ya mvuke iitwayo Kenia, mali ya Kampuni ya Imperial British East Africa. Moto wake uliwaka nje ya silinda: kuni zilichemsha maji, mvuke ukasukuma pistoni. Siku hizi boti ndogo ya kutoka Kau kwenda Kipini haihitaji shehena ya kuni. Mashine yake ya petroli ya nguvu za farasi 15 ina uzito usiofika kilo 40, na kijana mmoja huitia begani.

Wepesi huo ulitoka wapi? Nikolaus Otto, mwaka 1876, aliipa injini mipigo minne: kuvuta, kubana, kulipua, kutoa. Krenki inazunguka mara mbili, moto unawaka mara moja. Dugald Clerk wa Scotland akapunguza mipigo kuwa miwili, moto kila mzunguko, lakini silinda yake ilihitaji pampu ya pembeni. Ujanja wenyewe ulikuja Bath, Uingereza, mwaka 1889. Joseph Day aligeuza kasha la krenki kuwa pampu. Pistoni ikipanda, inafyonza petroli na hewa chini yake. Ikishuka, inazisukuma juu kupitia tundu la ubavuni, huku moshi ukitokea tundu la pili. Mfanyakazi wake, Frederick Cock, akaondoa hata vali zilizosalia. Moto ukawaka kila mzunguko bila pampu ya pembeni wala vali.

Mwaka 1909 Ole Evinrude wa Milwaukee akaanza kuuza mashine ya aina hiyo ya kuning'iniza tezini.

Gharama yake inanuka. Matundu yote mawili yanakuwa wazi kwa pamoja, hivyo sehemu ya petroli hutoroka bila kuungua. Isitoshe, kasha halina oili yake. Oili huchanganywa na petroli, mara nyingi lita moja kwa 50. Nahodha akibania, pistoni inakwama. Akizidisha, plagi inachafuka. Kwa sababu ya petroli na oili hiyo inayotoka na moshi, Marekani na Ulaya zilibana sheria za moshi, na mipigo minne ikarudi kwa kishindo.

Lakini mashine ya mipigo minne ina oili tumboni. Ukiilaza upande usiofaa, oili huingia kwenye silinda. Maji yakipwa na boti ikibaki kwenye tope, ile ya mipigo miwili huvuliwa, hubebwa na kulazwa bila masharti mengi. Tope la Tana, hata hivyo, halibagui: zote mbili hupozwa kwa maji ya mto, na mchanga hula mapezi ya mpira ya pampu ya maji.