Hema la KDKA na Tatizo la Mwangwi

Kituo cha KDKA kilianza kutangaza usiku wa tarehe 2 Novemba 1920, kutoka kibanda kilichojengwa juu ya paa la kiwanda cha Westinghouse, East Pittsburgh, Marekani. Mtambo ulikuwa wa wati 100. Leo Rosenberg alisoma matokeo ya uchaguzi wa rais, Harding dhidi ya Cox, yaliyopokewa kwa simu kutoka gazeti la Pittsburgh Post. Ujuzi ulitoka kwa mhandisi Frank Conrad, ambaye tayari alikuwa akirusha muziki wa santuri kutoka gereji yake huko Wilkinsburg.

Kusoma habari kulikuwa rahisi, kwani msomaji aliisogelea maikrofoni na sauti ikaingia moja kwa moja. Shida ilianza pale bendi ilipopelekwa kupiga ukumbini. Kuta tupu zilirudisha sauti, na mlio mmoja ukaifikia maikrofoni mara kadhaa, kila mara ukichelewa kidogo. Msikilizaji aliyeketi ukumbini hasumbuki sana, maana masikio mawili hutambua sauti inatokea upande gani na kuupuuza mwangwi. Maikrofoni moja huokota vyote kwa pamoja, na muziki hufika redioni ukiwa umevurugika.

Wahandisi wakaitoa bendi nje. Mwaka 1921 hema lilisimamishwa juu ya paa ili kuwakinga wanamuziki na mvua, na sauti ikatoka safi. Kelele za nje, zikiwamo honi za treni, ziliingia pia, lakini kilicholiondoa hema hilo ni upepo mkali.

Hatua iliyofuata ndiyo yenye uzito kuliko zote: hema lilisimamishwa ndani ya jengo, na sauti ikabaki safi. Ilidhihirika kwamba kitambaa chenyewe kilikuwa kikiumeza mwangwi, hata pasipo uwazi wa paani. Basi KDKA ikatengeneza chumba maalumu kilichozungushiwa vitambaa.

Mtindo huo ulienea. BBC, ilipohamia Savoy Hill, London, mwaka 1923, ilifunika studio zake kwa mapazia mazito, hadi waimbaji wakaona sauti zao zinafia mdomoni. Uzito huo ulipunguzwa baadaye, kukatengwa na chumba kitupu chenye kipaza sauti na maikrofoni, ambamo muziki ulipitishwa ili urudishiwe kiasi cha mwangwi kilichotakiwa.