Swali kama Mhimili wa Riwaya: Bwana Msa na Kazimoto

Riwaya za Muhammed Said Abdulla huwekwa aghalabu katika kapu la fasihi pendwa na kutajwa kama mwangwi wa Sherlock Holmes, mpelelezi wa Arthur Conan Doyle. Makala hii inashikilia kuwa uainishaji huo umetuficha jambo la msingi: namna Abdulla alivyolifanya swali kuwa mhimili wa usimulizi.

Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), maiti ya Bwana Ali inakutwa kwenye mzimu. Mahali penyewe pana jibu tayari, nalo ni jibu linalokataza kuuliza zaidi. Bwana Msa haridhiki nalo. Kwa hiyo, kinachopelelezwa humu si mauaji peke yake, bali pia mazoea ya jamii ya kutosheka na maelezo yasiyohojiwa. Hata hivyo, udadisi huu una mpaka wake. Kila swali lina jibu, na mwenye jibu ni mmoja. Najum, na msomaji pamoja naye, hubaki kungoja kufumbuliwa.

Mpaka huo ndio unaovukwa na Euphrase Kezilahabi katika *Kichwamaji* (1974). Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anahoji maana ya maisha na kuwapo kwa Mungu, na hatimaye anajiua. Ni rahisi kuusoma mwisho huo kama onyo dhidi ya kudadisi kupita kiasi. Usomaji huo haututoshelezi. Sehemu kubwa ya riwaya inasimuliwa na Kazimoto mwenyewe, na hakuna sauti iliyo juu yake inayomsahihisha. Kifo chake hakijibu hata swali moja. Kinamrithisha msomaji maswali yote. Kwa Abdulla kifo huanzisha maswali. Kwa Kezilahabi hakiyamalizi.

Tunapendekeza, basi, kwamba thamani ya udadisi katika riwaya ipimwe kwa mambo mawili: swali limelitikisa jibu gani lililozoeleka, na limemwachia nani haki ya kuendelea kuuliza. Kwa kipimo cha kwanza, Abdulla anastahili hadhi kubwa kuliko aliyopewa. Kwa cha pili, Kezilahabi anamzidi. Mwanafunzi anayefundishwa mmoja bila mwingine anapata nusu ya historia ya swali katika riwaya ya Kiswahili.