Mbili ya Tano Iliyofutwa

Mliokaa nyuma ya lile darasa la tano mlipiga makofi. Mimi sikupiga. Andalio la somo lilikuwepo, zana zilikuwepo, ubao ulipangika, sauti ilifika hadi dirishani. Hayo yote sawa. Mwalimu aliharibu mahali pamoja tu, na somo lilifia hapo.

Nusu jumlisha theluthi. Kijana wa dawati la tatu akaandika ubaoni mbili ya tano. "Hapana. Kaa. Mwingine?" Dasta ikapita, msichana wa mbele akatoa tano ya sita, makofi, tukahamia kuimarisha maarifa. Maarifa yapi?

Kijana yule hakubahatisha. Alijumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, na uwanjani hesabu hiyo ni halali kabisa: aliyefunga penalti 1 kati ya 2, kisha 1 kati ya 3, amefunga 2 kati ya 5. Kanuni anayo, ila kaipeleka kusikohusika. Dawa yake ilikuwa swali moja: kati ya nusu na mbili ya tano, ipi kubwa? Nusu. Sasa umeanza na nusu, ukaongeza, inakuwaje umebaki na pungufu ya nusu? Angejinasua mwenyewe, pamoja na wenzake waliolificha jibu hilohilo madaftarini. Mwalimu asiyelitamani kosa la namna hii, mimi humwita msomaji wa majibu.

Plato ametuachia kipindi cha Socrates na kijana mtumwa. Mraba una upande wa futi 2. Eneo lipatikane maradufu. Kijana anasema upande uwe 4. Mzee hamkalishi, anamwacha ahesabu mpaka aone 16. Anajaribu 3, inakuja 9. Anapokiri kwamba hajui, ndipo mstari wa ulalo unachorwa. Najua, maswali ya Socrates yalikuwa ya kumtafunia. Lakini hakufuta kosa kabla halijafanya kazi yake.

Sisi tuna "tumeelewana?" na "ndiyooo!" Tangu enzi za wakaguzi, kabla hawajaitwa wathibiti ubora, nimelalamika kwamba andalio lina safu ya muda, ya vitendo vya mwalimu na ya vitendo vya mwanafunzi, lakini mahali pa kuandika makosa yanayotarajiwa hapana. Zana zinahesabiwa, makosa hayahesabiwi.

Na yule msichana aliyepigiwa makofi naye hakuulizwa kapataje. Ile 6 aliitoa wapi? Huenda alitafuta Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS), huenda alizidisha tu 2 kwa 3. Kwa namba hizo njia zote mbili zinaangukia palepale, na mwalimu hawezi kuzitofautisha. Angempa robo jumlisha moja ya sita: mwenye KDS angeleta asili ya 12, mzidishaji angeleta 24. Kipindi kilikuwa na dakika za kutosha kwa hilo. Zilitumika kuimba.