Maua Makavu kwenye Mti wa Krismasi

Pambo la kanisani halikai bure. Waumini hulitazama wiki zote za Majilio, watoto hulitazama hata wakati wa mahubiri, nalo huwafundisha jambo. Ndiyo maana ni halali kulihakiki kama tunavyohakiki wimbo wa kwaya au hotuba ya mimbarini. Linasema nini? Na hilo linalosema, je, ni kweli?

Nataka kuhakiki pambo moja ambalo limeanza kuonekana katika nyumba na makanisa ya huku kwetu: maua yaliyopandwa nyumbani, yakakaushwa, kisha yakafungwa kwenye mti wa Krismasi mahali pa mipira ya plastiki na nyuzi za kumetameta. Wapo wanaolisifu kwa kuwa linabana matumizi. Wapo wanaosema ni kumvunjia Bwana heshima. Mimi naona ni pambo lenye mahubiri ndani yake, ila mahubiri hayo huharibika upesi.

Kwanza tuweke msingi. Kwa Mlutheri, mti wa Krismasi si amri wala si dhambi. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linatufundisha kwamba umoja wa Kanisa hautegemei desturi za wanadamu kufanana kila mahali. Kanuni ya Makubaliano ya mwaka 1577 ina sehemu nzima juu ya mambo ambayo Neno la Mungu halikuyaagiza wala kuyakataza, yaitwayo adiafora. Mti ni mojawapo. Wanaoukataa kwa kutumia Yeremia sura ya 10 wasome tena: nabii anakemea mti unaochongwa kuwa sanamu, ukapambwa kwa fedha na dhahabu ili uabudiwe. Hakuna anayeuabudu mti wetu. Lakini uhuru wa kufanya jambo hautuondolei wajibu wa kuuliza kama jambo lenyewe linajenga.

Pili, maua si mageni kwenye mti huu. Msafiri mmoja aliyeandika habari za Strasbourg mwaka 1605, wakati mji huo ulipokuwa wa Kilutheri, alieleza kwamba watu walisimamisha miti vyumbani mwao na kutundika juu yake mawaridi ya karatasi za rangi nyingi, matofaa, vitu vya sukari na mikate myembamba kama ile ya Meza ya Bwana. Wanahistoria wengi huuhusisha mti wa namna hiyo na michezo ya kanisani ya Adamu na Hawa, ambao sikukuu yao iliangukia tarehe 24 Desemba. Ukiupanga hivyo, mti mzima unasomeka: tofaa ni anguko letu, mkate ni mwili uliotolewa kwa ajili yetu, na waridi ni yule aliyechipuka katika shina la Yese, kama Isaya alivyotabiri. Kila kilichotundikwa kilikuwa na neno lake.

Hata hivyo, mti huo ulipata mhakiki mapema. Katikati ya karne ya 17, Johann Conrad Dannhauer, mwalimu wa theolojia na mhubiri katika mji uleule wa Strasbourg, alilalamika kwamba watu wanahangaika na mti uliojaa wanasesere na sukari. Kwa maoni yake ilikuwa heri kuwaelekeza watoto kwa mwerezi wa kiroho, yaani Yesu Kristo. Hakuitisha miti ikatwe. Alichoogopa ni kwamba pambo limeacha kuhubiri na limeanza kubembeleza. Hofu hiyo haijazeeka. Tazama miti mingi ya leo: taa zinawaka na kuzima, mipira inang'aa, theluji ya pamba imelala juu ya matawi katika mji ambao haujawahi kuona theluji. Ukimwuliza mtoto maana yake, atakwambia ni zawadi.

Sasa tuje kwenye maua makavu. Mtu atauliza: kwa nini tukaushe maua, wakati Desemba yetu si ya baridi kali kama ya Strasbourg? Mikrismasi imewaka nyekundu kando ya barabara, na bustani zina mawaridi. Jibu la kwanza ni la kawaida kabisa. Ua bichi kwenye mti hulegea baada ya siku mbili tatu, nasi tunataka mti udumu tangu Majilio hadi Epifania. Jibu la pili ni kwamba ua kavu haliwezi kupatikana kwa haraka. Yanayokauka vizuri ni yale yaliyokatwa asubuhi umande ukishatoka, kabla hayajafunguka kabisa, yakafungwa mafungu madogo na kuning'inizwa vichwa chini mahali penye hewa na giza kwa wiki mbili au tatu. Jua kali huyapausha. Unyevu huyaozesha. Kwa hiyo anayetaka maua ya Krismasi lazima aanze kabla mvua hazijakolea, na lazima awe amepanda miezi kadhaa kabla ya hapo. Majilio ni kungojea, na hapa kuna pambo ambalo haliwezekani pasipo kungojea.

Upinzani mkubwa haujatokana na uvivu, nao tuupe heshima yake. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza kwenye kikao: "Mchungaji, tumzae Mwokozi katikati ya mabua? Haya ni maua ya makaburini." Alisema kweli. Wengi wetu tunalijua shada la maua la msibani kuliko ua la sebuleni. Mtu aliyezika mwezi Oktoba anaingia kanisani Desemba, anakuta ua lililonyauka juu ya mti. Je, hatumtoneshi kidonda?

Mama mmoja mjane alimjibu kwa upole: "Baba, mimi hiyo mipira inayong'aa ndiyo inayonitoa machozi. Naona kama sikukuu ni ya wengine."

Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo hili. Plastiki inasema hakuna kinachokufa. Haipauki, hainyauki, mwakani itatoka kwenye boksi ikiwa vilevile. Ni pambo zuri, lakini halisemi kweli juu yetu. Isaya sura ya 40, ambayo tunaisoma katika Majilio, inatulinganisha sisi wanadamu na majani na ua la kondeni: tunakauka, na Neno la Mungu wetu linasimama milele. Sura hiyo inaanza kwa kuwafariji watu, na haifichi kwamba watu hao ni majani. Krismasi ni hilo hasa: Neno lisilokauka limeuvaa mwili unaokauka. Ua kavu likining'inia juu ya hori linamwambia yule aliyefiwa kwamba Mtoto huyu amekuja upande wake. Waridi la Luther, ambalo wengi tunalijua kwa kuliona kwenye vitabu na mabango, lina msalaba mweusi katikati. Ua lenye kifo moyoni mwake si jambo geni kwetu.

Lakini nilisema mahubiri haya huharibika upesi, na nimeona namna tatu. Ya kwanza ni kuyapaka maua rangi ya dhahabu na unga wa kumeta mpaka yafanane na plastiki. Ukishafanya hivyo umelinyamazisha ua. Acha choya iwe na wekundu wake uliofifia, acha shuke la mtama liwe shuke la mtama. Ya pili ni mashindano. Mitaa ikianza kupimana nani ana mti wa asili zaidi, maua ya shambani yanakuwa kiburi kilekile kwa bei nafuu, na yule asiye na kiwanja cha kupanda hata mche mmoja anabaki na aibu. Mwenye mti wa plastiki alionunua miaka kumi iliyopita autumie kwa amani. Ya tatu ni kwenda kuchuma porini. Huko juu Kilimanjaro yapo maua ambayo hubaki na umbo lake yakikauka, lakini hayo ni ya hifadhi, si yetu kuyachuma. Nguvu ya pambo hili ni kwamba limetoka kwenye udongo wa mwenye kulileta, kama mkungu wa ndizi kwenye sadaka ya mavuno.

Niongeze onyo la kawaida kwa wazee na akina mama wanaopamba: maua makavu hushika moto kama karatasi. Mishumaa ya Majilio ikae mbali nayo, na taa za umeme zinazopata joto zisifungwe juu yake.

Basi hukumu yangu ni hii. Usharika unaotaka kupamba kwa maua makavu upambe, tena bila haya, mradi uwaeleze waumini kwa nini. Pasipo maelezo, mzee wetu ataendelea kuona mabua, naye hatakuwa na kosa. Jumapili moja ya Majilio isomwe Isaya 40 mbele ya mti huo, watoto wa shule ya Jumapili wakiwa wameketi karibu. Na Epifania ikipita, maua yasirudishwe kwenye boksi. Yenye mbegu yapukuchuliwe, watoto wapewe mbegu wakapande masika, na mabua yarudi shambani.