Shakwe na Saa ya Mkononi

Hapana shaka, msomaji, umepata kumwona mtu akikimbia kando ya barabara huku akiutazama mkono wake zaidi kuliko anavyoitazama njia. Mkononi amefunga saa, na saa hiyo yahesabu hatua zake, mapigo ya moyo wake na kilomita alizozimaliza. Afikapo nyumbani, hesabu hiyo huingia katika simu yake, na kutoka hapo huenda kwa rafiki zake ili wamsifu au wajaribu kumpita. Programu za namna hii ni nyingi siku hizi. Strava, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2009, ni mojawapo ya zile zijulikanazo sana na wakimbiaji. Nakuomba tuzihakiki kama tungehakiki mchezo wa kuigiza: zinasema nini, zinanyamazia nini, na maneno yake yana nguvu gani juu ya msikilizaji. Nimechagua jambo moja liwe mizani yetu, nalo ni jua.

Kwanza twende Australia, kwa kuwa huko jua limepata kuandikiwa matangazo bora kuliko mahali pengi duniani. Wengi wa wakazi wa nchi hiyo wana asili ya Ulaya. Ngozi zao nyeupe ziliumbwa kwa jua hafifu, nazo zaishi chini ya jua kali. Matokeo yake ni mazito. Hukadiriwa kwamba watu wawili katika kila watatu huko hupatikana na saratani ya ngozi ya aina fulani kabla ya kutimiza miaka 70. Mwaka 1981 chama cha kupambana na saratani katika jimbo la Victoria kilitoa tangazo la televisheni. Msemaji wake hakuwa daktari wala waziri. Alikuwa shakwe wa kuchorwa, jina lake Sid, aliyecheza na kuimba akiwaagiza watu mambo matatu: vaa shati, jipake mafuta ya kukinga jua, vaa kofia. Kampeni hiyo iliitwa Slip! Slop! Slap!

Litazame jina hilo kwa jicho la mhakiki. Ni vitenzi vitatu vifupi, vyote vyaanza kwa sauti moja, na kila kimoja chafanana na mlio wa tendo lenyewe. Mtoto asiyejua kusoma aweza kuyashika maneno hayo kwa siku moja. Mwaka 2007 yaliongezwa mengine mawili, la kutafuta kivuli na la kuvaa miwani ya jua. Shauri likawa kamili zaidi, walakini kwa sikio langu mahadhi yaliharibika kidogo. Nguvu kubwa ya shakwe ilikuwa mahali pengine: alisema na watu wote kwa wakati mmoja, na kwa hiyo aliweza kuzaa desturi. Katika shule nyingi za msingi za Australia, mtoto asiye na kofia haruhusiwi kucheza uwanjani. Hukaa kivulini akiwatazama wenzake. Hapo tangazo limekwisha kuwa sheria ya maisha, wala halihitaji kuimbwa tena.

Sasa irudie saa ya mkononi. Yenyewe ina mambo ambayo shakwe hakuwa nayo. Yajua mahali ulipo, yajua ni saa ngapi, yajua umekaa nje muda gani, na yakumbuka kwamba wiki iliyopita ulikimbia mara nne na zote zilikuwa saa saba mchana. Mwonyaji gani amepata kumjua msikilizaji wake hivyo? Hata hivyo, sehemu kubwa ya maarifa hayo hutumiwa kukusukuma uongeze mwendo. Ukimaliza mbio katikati ya mchana, utapewa pongezi zile zile ambazo ungepewa kama ungekimbia alfajiri. Machoni pa programu, kilomita ni kilomita.

Tena kuna kosa la kuchanganya joto na miale. Programu nyingi huandika kando ya mbio zako kiwango cha joto, na msomaji hudhani amekwisha kuambiwa habari za jua. Lakini miale ya urujuanimno, ambayo ndiyo iunguzayo ngozi na kuleta saratani, haionekani kwa macho wala haisikiki kama joto. Yaweza kupenya mawingu mepesi. Tena huzidi kadiri mtu apandavyo mlima, yapata asilimia kumi kwa kila mita 1,000, wakati hewa yenyewe yazidi kuwa baridi. Kwa hiyo mkimbiaji wa Iten, aliye katika mwinuko wa mita 2,400 hivi, aweza kuona ubaridi mzuri na huku akipigwa na miale mikali kuliko mwenzake anayetokwa na jasho Mombasa.

Kwamba hatari hii yawahusu wakimbiaji hasa si dhana tupu. Madaktari wa mji wa Graz, nchini Austria, waliona wagonjwa wanane, wote wakimbiaji wa masafa marefu, wakiwa na saratani ya ngozi iitwayo melanoma. Jambo hilo likawashangaza. Wakawachunguza wakimbiaji 210 wa marathoni na watu wengine 210 wasiokuwa wakimbiaji wa mbio hizo, wakatangaza mwaka 2006 kwamba ngozi za wakimbiaji zilikuwa na dalili nyingi zaidi za kutilia shaka. Kinga nayo imethibitishwa. Katika mji wa Nambour, huko Queensland, watu 1,621 walishiriki katika jaribio lililoanza mwaka 1992. Wale walioagizwa kujipaka mafuta ya kukinga jua kila siku walipata uvimbe wa aina moja ya saratani ya ngozi kwa kiasi cha asilimia 40 pungufu ya wenzao.

Kipimo cha miale kipo tangu zamani. Wakanada walianza kukitangaza mwaka 1992, kisha mataifa mengine wakakipokea. Ni tarakimu moja inayoanzia sifuri: ifikapo 3 mtu hushauriwa ajikinge, na kuanzia 11 hali huitwa ya kupita kiasi. Mwezi wa Juni mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa walitoa programu ya simu iitwayo SunSmart Global UV, ambayo humwambia mtu kipimo cha mahali alipo na saa zinazomtaka ajikinge. Ni kazi njema, na yaonyesha wazi damu ya yule shakwe. Dosari yake ni kukaa peke yake. Mkimbiaji hufungua programu ya mbio. Ile ya jua yabaki imelala simuni kama kamusi kabatini. Onyo lapasa kuwa pale macho yalipo.

Mfano wa kuchekesha kidogo ni saa ya kampuni ya Apple. Mwaka 2023 iliongezewa uwezo wa kuhesabu dakika ambazo mtu amekaa katika mwanga wa mchana. Kusudi ni jema: watoto wakaao ndani mno hupata macho yasiyoona mbali, na mwanga wa nje huwasaidia. Lakini tazama maana ya hesabu hiyo kwa mtu mzima anayekimbia. Dakika zake za jua zinakusanywa kama akiba benki, kila nyingine ni faida, wala katika hesabu hiyo hakuna mahali panapotenga dakika za saa moja asubuhi na dakika za saa sita mchana. Tarakimu isiyo na kikomo juu yake hufundisha choyo.

Nami sitaki udhani kwamba dawa ni kuongeza kengele tu. Hapa kwetu, karibu na mstari wa ikweta, kipimo cha miale hupita 3 karibu kila siku ya mwaka, na kwa saa nyingi za mchana. Programu iliyotungwa Melbourne, ambako wakati wa kipupwe kipimo hushuka chini ya hapo, italia Nakuru kutwa kucha ya jua mwaka mzima. Kengele iliayo kila siku huwa sawa na kelele za barabarani. Mtu huizoea, akaacha kuisikia. Tena tarakimu ni moja kwa watu wote, lakini ngozi si moja. Mwenye ngozi nyeusi ana kinga ya asili kubwa, ingawa macho yake hayana kinga hiyo. Mwenzake mwenye ualbino, akikimbia naye bega kwa bega, aweza kuungua kwa muda mfupi sana. Kwake mafuta ya kukinga jua ni dawa; ndiyo sababu Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu nchini Kenya limekuwa likiyatoa bure kwa watu hao. Programu inayompa kila mtu onyo moja haijamjua hata mmoja wao.

Ningeitunga mimi, ningeanza na saa za mazoezi, nikaacha tarakimu nyuma. Ingemwambia mkimbiaji jioni: kesho toka saa kumi na mbili asubuhi, au ngoja saa kumi na moja. Hayo ni maneno yenye tendo ndani yake, kama yale ya shakwe. Na pongezi zake ningezigawa: aliyekimbia kilomita tano alfajiri apate zaidi ya aliyekimbia hizo hizo adhuhuri.

Wewe usiye na saa ya namna hiyo una kivuli chako. Simama uwanjani: kivuli kikiwa kifupi kuliko urefu wako, miale ni mikali. Hapa ikweta hali hiyo huanza yapata saa tatu asubuhi na kuendelea mpaka saa tisa alasiri, na saa sita utakuta kivuli kimejikunja chini ya nyayo. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala intaneti. Kina upungufu mmoja tu: siku ya mawingu kivuli hakionekani na miale ingali ipo, na katika siku hiyo simu yamshinda mtu.