Elimu ya Kujitegemea Isomwapo Korbesa

Wema wa kitabu haupimwi katika nchi kilikoandikwa tu. Hupimwa zaidi kinapochukuliwa mbali na nyumbani kwake, kikasomwa na watu ambao mwandishi hakuwakusudia. Kwa sababu hiyo nimekichagua kijitabu cha Julius Nyerere, Elimu ya Kujitegemea, kilichotolewa Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, nikisome hapa Korbesa, katika Kaunti ya Isiolo, upande wa mto Ewaso Nyiro, miongoni mwa Waborana wafugaji. Kiliandikwa kwa ajili ya Tanzania, lakini swali lililomo ndani yake halina mpaka. Serikali maskini, yenye shilingi moja na watoto kumi, impe nani shilingi hiyo? Yule mmoja atakayefika chuo kikuu, au wale tisa ambao masomo yao yatakoma katika shule ya msingi?

Jawabu la Nyerere halina kigugumizi. Shule ya msingi, asema, isiwe ukumbi wa kungojea shule ya sekondari. Iwe elimu kamili yenyewe, imtoshe mtoto atakayerudi kijijini kuishi na kufanya kazi. Elimu ya juu ya wachache ina haki ya kulipiwa na umma kwa sharti moja tu, kwamba iwarudie wengi kwa utumishi. Maneno haya hakuyaandika kivulini. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu na vyuo vingine waliandamana mjini Dar es Salaam kupinga masharti ya kuingia Jeshi la Kujenga Taifa. Zaidi ya 300 walifukuzwa, na Rais mwenyewe akajipunguzia mshahara kwa asilimia 20. Msomaji anayekijua kisa hiki huisikia hasira ikipita chini ya upole wa sentensi zake, na kwa maoni yangu hasira hiyo ndiyo iliyokifanya kijitabu kisizeeke upesi kama zilivyozeeka nyaraka nyingi za wakati ule.

Mwaka 1964, katika hotuba yake moja, Nyerere alikuwa amekwisha kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Asiporudi, ni msaliti. Mfano huu umerudiwa mara nyingi, na hapana shaka unastahili. Walakini una pengo ambalo mtu wa Korbesa huliona upesi kuliko mtu wa mjini. Nyerere anatuambia dhambi ya mtu asiyerudi. Hatuambii mtu huyo alichaguliwa na nani, wala alitoka nyumba ipi. Katika mfano wake kijiji ni kimoja, na msafiri ni mtoto wa kijiji. Katika Kenya chakula kilitolewa na vijiji vyote, kwa maana mfugaji anayelipa ushuru sokoni na kodi katika bidhaa za dukani anachangia chuo kikuu sawasawa na mwenye shamba la chai. Lakini msafiri, mara nyingi mno, alitoka katika kijiji kilichokuwa na akiba yake mwenyewe. Kwa miaka mingi nafasi za chuo kikuu zilizolipiwa na serikali zilitolewa kwa kufuata alama za mtihani. Mwenye alama hizo aghalabu ni mtoto aliyelipiwa na wazazi wake shule ya msingi ya fedha nyingi. Basi tajiri alinunua lango la kwanza, kisha akafunguliwa lango la mwisho kwa fedha za umma.

Tazameni jambo hili pia, ninyi mnaosoma sekondari. Kijana wa huku akiitwa chuo kikuu, harambee huitishwa: huyu hutoa mbuzi, yule fedha, mzee mwenye mifugo mingi huenda akatoa ng'ombe. Ni desturi njema na siiteti. Lakini sijapata kusikia harambee iliyoitishwa kwa ajili ya mtoto wa darasa la pili aliyeacha shule kufuata mbuzi. Huyo huondoka kimya, na jina lake hukatwa katika daftari la mahudhurio kwa kalamu nyekundu. Serikali nayo ina macho kama yetu: humwona aliyekwisha kufika.

Kenya ilikuwa na andiko lake, na haifai kukisifu kijitabu cha Nyerere bila ya kuliweka andiko hilo kando yake. Ni Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965, uliohusu ujamaa wa Kiafrika na mipango ya nchi. Waraka huo ulishauri fedha za maendeleo ziwekwe mahali zitakapozaa upesi: penye ardhi nzuri, mvua, barabara, na watu walio tayari kwa maendeleo. Mahali pengine pangengoja. Ulipokuwa ukisomwa Nairobi, Isiolo ilikuwa katika vita vya Shifta. Watu wa Merti na Garba Tulla walikusanywa katika kambi chini ya ulinzi, na mifugo yao ikaangamia. Vita vilipokoma mwaka 1967, mwaka ule ule wa Elimu ya Kujitegemea, mfugaji alitoka kambini bila ng'ombe, akakuta pia kwamba yeye si miongoni mwa waliohesabiwa kuwa tayari. Nyerere alikosea mengi, lakini hakupata kuandika kwamba mtoto wa ardhi kame angoje. Katika jambo hili moja andiko la Tanzania linalizidi la Kenya kwa utu, na hata kwa hesabu.

Haki yataka nikiri kwamba Kenya haikukaa na andiko lake bila ya kulirekebisha. Mwaka 1971 Rais Kenyatta aliondoa ada ya masomo katika wilaya zenye hali ngumu, Isiolo ikiwamo. Desemba 1973 akaiondoa kwa madarasa manne ya kwanza nchini kote. Kisha shule, zikiwa hazina fedha, zikaanza kutoza michango ya majengo, nayo pengine ikawa mikubwa kuliko ada iliyofutwa, na watoto wengi waliomiminika shuleni wakatoka kwa mlango ule ule. Mwaka 2003 ada ilifutwa tena, idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na serikali ikaweka mgao wa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, uliopandishwa baadaye hadi 1,420.

Mgao huu una sura ya usawa, na ndipo hatari yake ilipo. Shule ya watoto 1,000 katika nchi yenye mvua hupata shilingi 1,420,000. Shule ya watoto 100 katika nchi ya wafugaji hupata 142,000. Zote mbili zina paa moja la kuziba, mlinzi mmoja wa kulipa, tangi moja la maji. Na ile ndogo pengine hununua maji yenyewe na kulipia gari la kuleta vitabu kutoka mbali. Mtoto mmoja, fedha moja: nani atathubutu kusema si haki? Lakini fedha zinazofuata vichwa huenda penye vichwa vingi, na vichwa vingi viko penye mvua. Ule ushauri wa mwaka 1965 umerudi umevaa nguo ya usawa.

Hapa kijitabu cha Nyerere nacho chahitaji kukosolewa. Shule anayoiona mwandishi ni shule yenye shamba. Watoto wanalima, wanavuna, wanajifunza kwa jembe. Anaandika kana kwamba kijiji kimekaa mahali pake. Mfugaji wa huku ana nyumba yake, na ana fora, yaani kambi ya mifugo iliyo mbali, ambayo huhama kwa kufuata malisho na maji. Na wachungaji wa fora aghalabu ni vijana wa umri wa kusoma. Mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, hapakuwa na jembe ambalo lingembakisha mtoto shuleni. Kilichombakisha, kilipopatikana, ni chakula. Mpango wa chakula shuleni ulioanza mwaka 1980 pamoja na Shirika la Chakula Duniani, na kukabidhiwa serikali kabisa mwaka 2018, umefanya kazi ya elimu kuliko mitaala mingi. Sufuria ikiwa haijawekwa motoni, mwalimu hulijua jambo hilo kwa kutazama madawati.

Yamkini msomaji ataniuliza: je, vyuo vikuu vifungwe? La. Tanzania ilipoazimia huko Musoma mwaka 1974 kumpatia kila mtoto shule ya msingi, ilikosa walimu, ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha ualimu huku wanafundisha. Na kwa kuwa sekondari zilibaki chache mno, upungufu huo haukuzibika kwa muda mrefu. Benki ya Dunia nayo, katika miaka ya 1980, ilizihimiza nchi za Afrika zitoe fedha vyuoni zitie shule za msingi, kwa hoja kwamba huko faida ni kubwa zaidi. Kenya ikaanza kuwatoza ada wanafunzi wa vyuo vikuu mwaka 1991. Sikuona kwamba shilingi iliyotolewa chuoni ilifika Korbesa. Kunyang'anya juu si sawa na kutia chini. Mimi nasema mwenye uwezo alipe chuo kikuu, asiye na uwezo abebwe, na tofauti inayopatikana iandikiwe kwa jina shule za msingi za nchi kame, kwa kiasi cha gharama zao wala si kwa kiasi cha vichwa vyao.

Kwa jina, nasisitiza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 204, iliunda Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, ili kuziinua sehemu zilizoachwa nyuma. Kifungu hicho kinataja huduma za msingi: maji, barabara, vituo vya afya, umeme. Nimekisoma zaidi ya mara moja. Shule haikutajwa.